Ugonjwa, au ndivyo alivyoumbwa? Vivuli pacha vya eksirei na namna ya kuchagua

Mama mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, alikuja na mwanawe wa miaka 12, mguu umefungwa hogo hadi chini ya goti. Hakuja kwa sababu ya maumivu. "Anawashwa humo ndani, kaka, nyumba nzima hatulali," alisema. Mtoto alikuwa ameteleza kwenye mawe akikimbiza tiara, akapelekwa kituo kimoja, picha ikapigwa, ukaonekana mstari mweusi kwenye ule mfupa wa wayo unaobeba kidole kidogo. Wakaambiwa amevunjika. Niliinua picha ile kwenye mwanga na mstari ulikuwepo kweli, ila ulikwenda sambamba na mfupa, kama mtu aliyechana ukuni kwa urefu wake. Nikamwuliza mtoto siku ile ya kuanguka palikuwa panauma wapi. Akagusa mbele ya kifundo. Kati ya kidole chake na ule mstari vilienea vidole vyangu vinne. Kilichofungwa hogo wiki mbili ni mfupa unaokua.

Mimi ni mtu wa eksirei. Kazi yangu ni kupiga picha. Ripoti ni ya daktari bingwa wa radiolojia. Hayo ni ya kwenye makaratasi. Saa nane usiku bingwa hayupo, mgonjwa yuko kitandani, na tabibu wa zamu anakugeuzia skrini: "Kaka mkubwa, hii unaionaje?" Naandika kwa ajili ya tabibu huyo, na kwa wanafunzi wanaoanza. Nitaweka vivuli viwili viwili ubavuni, cha ugonjwa na pacha wake wa maumbile, niseme mimi ningechagua kipi na kwa nini.

Mgeni akishuka Mwanza kwa mara ya kwanza huyatazama mawe ya Capri Point yaliyopandana na kudhani yataanguka kesho asubuhi. Mwenyeji hayaangalii hata. Wote wawili wana hatari yao: mgeni atakimbia bure, na mwenyeji, siku jiwe likiteleza kweli, hatakuwa anatazama huko.

Ufa, au mfupa wa ziada?

Turudi kwenye mguu wa yule mtoto. Pembeni mwa shina la mfupa wa tano wa wayo huota kipande kidogo cha mfupa kivyake, kwa wasichana kwenye miaka 9 hadi 11, kwa wavulana 11 hadi 14, kisha huungana na mfupa wenyewe baada ya miaka michache. Kabla hakijaungana, gegedu lililo katikati huonekana kama mstari mweusi unaofuata urefu wa mfupa. Ufa wa mtu aliyekunja mguu hukata mfupa kwa upana. Ukikuta mstari wa urefu, egemea maumbile. Ukikuta wa upana, egemea ufa, kisha bonyeza pale pale penye mstari. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na mwenye ufa ataruka ukimgusa.

Kuna mstari wa tatu, nao ni ufa, ambao tunauchanganya na huo wa upana. Nao hukata kwa upana, ila umesogea mbele kidogo kuelekea kidoleni, pale mfupa unapoanza kuwa mwembamba. Sehemu hiyo haipati damu ya kutosha na hupona polepole. Ule wa shina kabisa mara nyingi mgonjwa huachwa akatembea na kiatu kigumu. Huu wa mbele asiukanyagie, na apelekwe kwa daktari wa mifupa.

Kwa vipande vingine vyote vya ziada, na mwili unavyo vingi, mimi hutazama kingo. Kipande cha kuzaliwa nacho kina ganda jeupe jembamba kukizunguka kote, laini, kama ganda la karanga. Kipande kilichovunjika kina upande mmoja usio na ganda, mkali kama kigae cha chungu, na ukikirudisha kwa mawazo kinatoshea mahali kilipotoka. Kile kidogo nyuma ya kifundo cha mguu, kile cha upande wa ndani wa wayo, kile kinachokaa nyuma ya goti kama punje ya maharage: vyote kipimo ni hicho hicho.

Pia ya goti iliyogawanyika haina fumbo kubwa. Mtu 1 au 2 kati ya 100 huwa nayo, na kipande kilichojitenga hukaa karibu siku zote kwenye kona ya juu upande wa nje. Pia iliyovunjika kwa ajali ya bodaboda kwa kawaida hukatika katikati, goti hujaa damu, na mgonjwa hawezi kuinua mguu ukiwa umenyooka. Wapo wanaopenda kupiga goti la pili ili kulinganisha. Ukilikuta nalo limegawanyika, vizuri. Usipolikuta hujathibitisha kitu, maana wengi wana upande mmoja tu.

Kiwiko cha mtoto ndicho kinachoninyima usingizi, hasa msimu wa maembe, watoto wanapoanguka mitini. Kiwiko cha mtoto wa miaka 6 kinaonekana kama mtu amemwaga kokoto kwenye picha, na ukitafuta ufa utauona kila mahali. Kuna vituo sita vya mfupa vinavyotokea kimoja baada ya kingine, takriban kwenye miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Kwanza kichwa kidogo cha nje cha mfupa wa juu, pili kichwa cha mfupa wa mkono upande wa dole gumba, tatu nundu ya ndani, nne kapi la ndani, tano ncha ya kiwiko, na mwisho nundu ya nje. Watoto hawasomi vitabu, kwa hiyo miaka husogea. Mpangilio ndio wa kushika, na ndani yake jozi moja ina thamani kuliko nyingine zote: nundu ya ndani hutangulia kapi la ndani. Ukiliona kapi na nundu haipo mahali pake, usiseme bado haijaota. Imeng'oka. Itafute ndani ya kiungo, huenda imebanwa humo, na hapo utakuwa umedhani kuwa hiyo ndiyo kapi lenyewe. Nimeona kosa hilo likifanywa na watu wanaojua kazi.

Kama huoni ufa wowote lakini nyuma ya kiwiko, kwenye picha ya ubavuni, kuna kivuli cheusi cha mafuta kilichosukumwa nje, chagua ufa. Mafuta ya mbele huweza kuonekana kidogo kwa mtu mzima wa afya. Ya nyuma hayaonekani mpaka kiungo kijae damu au maji.

Kanda yetu ina watoto wengi wenye seli mundu, na kwao picha ya mfupa unaouma huweza kukudanganya kwa njia nyingine: inatoka safi. Mfupa uliokosa damu na mfupa ulioingiwa na vijidudu havina tofauti siku za mwanzo, na alama za mwanzo za usaha kwenye mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kujitokeza. Hapo usichague kwa picha. Chagua kwa homa, kwa kipimo cha damu, kwa ultrasaundi inayotafuta usaha kando ya mfupa, na mtoto asirudishwe nyumbani eti eksirei haina kitu.

Kifua

Niseme la nywele kwanza, maana linachekesha mpaka likukute. Dada amesuka rasta ndefu zimelala mabegani. Picha inatoka na michirizi myeupe juu ya mapafu, mahali pale pale TB inapopenda kukaa. Itazame michirizi inaishia wapi. TB haivuki pafu ikapanda shingoni, na rasta hupanda. Mfunge nywele juu, piga upya, imekwisha. Hirizi ya shingoni, sarafu iliyofichwa kwenye sidiria na vifungo vya chuma havina adabu zaidi ya nywele. Wengine wana haya ya kusema wamevaa nini ndani, kwa hiyo uliza kwa staha, mkiwa faragha, kabla ya kupiga.

Chuchu ni pacha wa uvimbe wa mapafu. Vivuli viwili vya mviringo, usawa mmoja, kulia na kushoto, mtu hahangaiki navyo. Shida ni kinapoonekana kimoja, kwa sababu titi moja limebanwa zaidi kwenye kifaa. Bandika kipande kidogo cha waya juu ya chuchu, piga tena. Waya ukikaa juu ya kivuli, ni chuchu. Waya ukikaa pengine na kivuli kikabaki, anza safari ya kutafuta uvimbe.

Upande wa kulia juu, mara chache, chini ya mtu 1 kati ya 100, utaona mstari mwembamba uliopinda ukishuka na kuishia kwenye kitone, kama alama ya mkato iliyopinduliwa. Ni mshipa wa damu uliopita ndani ya pafu wakati mtu anaumbwa tumboni. Hauna dawa kwa sababu hauna ugonjwa.

Sasa jozi ngumu, ambayo hapa kwetu na ng'ambo ya kivuko cha Kamanga tunaiona zaidi kuliko wenzetu wa pwani: TB na vumbi la mgodi. Mwanamume wa miaka 40 na kitu, amechimba na kusaga mawe ya dhahabu upande wa Geita miaka mingi, anakohoa, amepungua. Weka picha mbili ubavuni. TB ya mtu mzima hupenda juu na nyuma ya pafu, mara nyingi upande mmoja unazidi mwingine, kuna tundu lenye ukuta mnene, kuna kovu linalovuta pafu juu. Vumbi la mawe nalo hupenda juu, lakini hutawanya punje ndogo za mviringo pande zote mbili karibu kwa usawa, na matezi ya katikati ya kifua huweza kuwa na ukingo mweupe kama ganda la yai. Baadaye punje hukusanyika zikawa mabonge makubwa, na kovu lake huvuta vilevile. Ukifika hapo macho peke yake hayatoshi.

Na hata kama yangetosha, kuchagua kimoja ndilo kosa. Pafu lililojaa vumbi la mawe hushikwa na TB kirahisi kuliko pafu safi, kwa hiyo mchimbaji mwenye punje pande zote na tundu jipya upande mmoja mimi namhesabu ana vyote viwili mpaka makohozi yaseme vingine. Apime makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Na umwulize kazi. Sijui ni mara ngapi nimeona karatasi ya ombi imeandikwa "kikohozi" tu, wakati mzee mwenyewe, ukimpa kiti na shikamoo, anakusimulia mashimo yote aliyoingia tangu ujana.

Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga imeshuka sana huvunja kanuni hizi. TB yake huweza kukaa chini ya pafu, au ikawa matezi tu, au maji, au picha ikatoka safi kabisa.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za kompyuta zisome picha za kifua katika kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Sizipingi, hazichoki saa nane usiku. Lakini zinatoa alama ya kukisia TB, hazimwulizi mtu kama amechimba dhahabu.

Kwa watoto wachanga pacha ni mwingine. Tezi ya thaimasi, iliyo juu ya moyo, kwa mtoto wa chini ya miaka 2 au 3 huwa kubwa na huonekana kama tanga la ngalawa lililojaa upepo, mara nyingi upande wa kulia. Mtoto ana mafua, picha inaonyesha weupe karibu na moyo, anapigwa sindano za nimonia. Tazama ukingo: tanga lina ukingo safi, wakati mwingine una mawimbi pale mbavu zinapolibonyeza. Ndani yake mishipa ya pafu inaonekana, na bomba la hewa halijasukumwa. Nimonia haina ukingo safi namna hiyo isipopakana na mpaka wa sehemu ya pafu, na ndani yake mara nyingi utaona vijia vyeusi vya hewa. Uvimbe mbaya husukuma. Na mtoto anayepumua haraka mwenye mbavu zinazoingia ndani mtibu kwanza, mambo ya tanga yatasubiri.

Moyo mkubwa nao umewatisha wengi bure. Kanuni kwamba moyo usizidi nusu ya upana wa kifua ni ya mtu mzima aliyesimama, amevuta pumzi, mionzi imepita kutoka mgongoni kwenda mbele. Ukimpiga amelala chali, moyo uko mbali na kifaa kinachopokea picha na kivuli chake kinatanuka, kama mkono ukiusogeza karibu na taa. Asipovuta pumzi unatanuka zaidi. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo. Zisipofika 9 sipendi kusema lolote kuhusu moyo.

Mgonjwa mahututi au mzee aliyekonda, kunjo la ngozi ya mgongoni huandika mstari unaofanana na hewa iliyovuja nje ya pafu. Hewa ya kweli inaacha uzi mweupe mwembamba wa utando wa pafu, na nje ya uzi huo hakuna mshipa hata mmoja. Kunjo la ngozi ni ukingo tu, upande mmoja mweupe unaofifia, mishipa inapita ng'ambo yake, na mara nyingi ukiufuata unatoka hadi nje ya mbavu. Usimchome mtu bomba kwa ajili ya kunjo la ngozi. Ila anayeishiwa pumzi mbele yako, bomba lake la hewa limesukumwa na shinikizo la damu linashuka, huyo hata picha hakupaswa kuingojea.

Tumboni, kwa haraka

Vijiwe vya nyongani kwa mtu mzima mara nyingi ni chokaa ndani ya mishipa ya damu: mviringo, laini, katikati peusi kidogo, vimekaa chini. Jiwe la mrija wa mkojo huwa na umbo lisilo sawa na hukaa kwenye njia ya mrija. Ukibabaika, ultrasaundi au siti skani. Mstari mweupe mwembamba unaochora kibofu kizima ni kichocho cha mkojo cha miaka mingi, na hauna pacha wa maumbile. Kichocho hicho ni zaidi cha madimbwi na mashamba ya mpunga ya bara. Cha ufukweni na visiwani, Ukerewe na kwingineko, ni kichocho cha tumbo. Kinaharibu ini na kuvimbisha bandama, na eksirei ya kawaida haikioni. Nimepiga picha nyingi za tumbo kwa wavuvi ambazo zingefaa kuwa ultrasaundi tangu mwanzo.

Taya la mtoto

Hapa sitaki haraka. Mtoto wa miaka 5, 6 au 7, shavu limevimba, meno yanacheza. Nyumbani wameshang'oa jino moja, pengine mawili, wakidhani ni jino bovu. Kwenye picha ya taya kuna matundu meusi, na ugumu ni kwamba mtoto wa umri huo lazima awe na matundu meusi: ni vifuko vya meno ya ukubwani yanayosubiri kuchomoza. Kifuko cha kawaida ni mviringo, kina mstari mweupe mwembamba unaokizunguka, na jino limekaa katikati yake kama kiini ndani ya yai. Kulia na kushoto vinalingana.

Ugonjwa ukiwepo, kitu cha kwanza kupotea ni ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mizizi ya meno. Kisha mfupa huliwa na meno hubaki yakielea kwenye weusi, hayajashikwa na kitu. Jipu la jino nalo hula mfupa, ila hula kwenye mzizi wa jino moja, jino lenyewe lina tundu, na mtoto ana homa na maumivu. Meno mengi yakielea kwa mpigo, yasiyo na matundu, shavu likikua kwa siku na si kwa miezi, chagua saratani ya Burkitt na usingoje uhakika. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutoka Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, na ukanda wetu wenye malaria nyingi bado uko kwenye ramani yake. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoufanya usikie dawa upesi, kwa hiyo kinyama kichukuliwe kikapimwe na mtoto apelekwe hospitali ya Bugando wiki hiyo hiyo. Nikikosea hapa nikapeleka mtoto mwenye jipu, nimempotezea mama nauli. Kosa la upande wa pili sitaki hata kuliandika.

Kinachoandikwa kwenye karatasi

Zipo tofauti za maumbile ambazo zinaumiza watu zikishaandikwa tu. Pingili ya mwisho ya mgongo isiyofunga nyuma, ikiwa ngozi yake ni nzima, watu wengi wanayo na hawajui. Mbeba mizigo wa soko la Mwaloni mwenye maumivu ya kiuno akisoma kwenye ripoti kuwa uti wake "haujafunga", anaacha kazi, anauza baiskeli, anaanza kuzunguka kwa waganga. Mimi humwambia tabibu: litaje, kisha ongeza maneno manne, "si chanzo cha maumivu", ikiwa ndivyo. Bila hayo mgonjwa atajiandikia yake.

Lakini nimejifunza kutolitumia neno "maumbile" kama kufuli. Mvuvi mmoja wa Kayenze alikuwa na ubavu wa ziada shingoni, jambo ambalo chini ya mtu 1 kati ya 100 huzaliwa nalo na wengi hufa nalo bila kulijua. Picha zake tatu za miaka tofauti zilikuwa na neno hilo hilo, maumbile, na moja niliipiga mimi. Safari ya nne alikuja na tabibu kijana, binti mdogo tu, ambaye alimwuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza: mkono unakufa ganzi saa ngapi? Akasema anapovuta nyavu, mikono ikiwa juu, na ganzi inashika kidole kidogo na cha jirani yake. Binti akamshika kifundo cha mkono, akamwinulia mkono kama anavuta nyavu, na mapigo yakafifia chini ya kidole chake. Nyama ya kiganja ilikuwa imeshaanza kukonda. Sote tulikuwa tumemsalimia kwa mkono ule.

Akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa shati, akauliza kama ule ubavu ukitolewa ataruhusiwa kuondoka nao.